Kuuliza Sio Kukosa Imani



Jumanne mama mmoja wa ushirika wetu hapa Free Area alinipigia akiwa na furaha. "Pasta, ile pesa ilifika?" Pesa gani? Akanichezea ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sauti ni yangu, hata ile haleluya yangu ya kuvuta iko. Lakini sikusema mimi. Shilingi 18,000, pesa ya mbolea ya shamba lake Njoro, zimeenda.

"Mama, mbona hukunipigia kwanza?"

"Pasta, kwani mimi ni nani nimuulize mtumishi wa Mungu?"

Jibu hilo limeninyima usingizi. Nani alimfundisha hivyo? Ni sisi wachungaji! Tumesimama madhabahuni tukisema anayeuliza hana imani, anayechelewa kutoa amezuia baraka yake. Mwizi hakuvunja mlango, alipata tumeuacha wazi. Na sauti aliichukua kwa mahubiri tunayorusha Facebook kila Jumapili. Akili unde inahitaji kipande kifupi tu.

Usiniambie wenye Roho hawadanganyiki. Soma Mwanzo 27. Masikio ya Isaka yalishuku, lakini akaamini ngozi ya mbuzi aliyoipapasa, baraka ikaenda. Mwaka 2019 watu walishtakiwa Nairobi kwa madai ya kuiga sauti ya Rais Uhuru Kenyatta na kumlaghai mfanyabiashara shilingi milioni 10. Mwaka 2024, Hong Kong, mfanyakazi wa kampuni ya Arup alituma karibu dola milioni 25 baada ya mkutano wa video ambapo wakubwa wake walikuwa bandia. Nao walidanganyika.

Basi fanyeni hivi:

✅ Ukisikia sauti yangu ikiomba pesa, kata. Nipigie kwa nambari yangu ya siku zote.
✅ Kwa video, niambie nigeuze uso kando, nipitishe mkono mbele ya uso. Picha bandia nyingi huyumba hapo. Lakini zinaboreshwa kila siku, usitegemee macho pekee.
✅ Familia iwe na neno la siri. Mtoto "aliyeshikwa na polisi" alitaje.
✅ "Tuma sasa, usimwambie mtu." Haraka pamoja na siri ni alama ya mwizi.
✅ Soma jina kwenye M-Pesa kabla pesa haijatoka. Umeshatuma? Peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, na umripoti mwizi kwa 333.

1 Yohana 4:1 inatuagiza tuzijaribu roho. Kama roho zinajaribiwa, sembuse ujumbe wa WhatsApp?

Kutoka leo, mimi sitaomba pesa kwa simu ya mtu. Sadaka ni kwa Paybill iliyoandikwa ukutani kanisani, basi. Wachungaji wenzangu wa Nakuru, Molo, Gilgil, tangazeni hivyo Jumapili hii.

Na wewe mpendwa, ukimuuliza mchungaji akakasirika, muulize tena.

Mtumie mama yako ujumbe huu. Amina? 🙏