Wasee, ski si mchezo mmoja

Kila Olimpiki ya majira ya baridi ikifika, picha ya Philip Boit inarudi mitandaoni na wasee wanaanza kucheka. Eti Mkenya na theluji wapi na wapi. Sawa, chekeni, lakini kwanza niambieni: alikuwa anashindana ski ya aina gani? Kimya. Mnadhani ski zote ni kuteremka mlima.

Zii. Ile ya kuteremka ni alpine. Hapo kisigino kimefungwa kwenye ski, mlima unakuvuta, kazi yako ni kukata kona. Slalom ina milango iliyobanana, giant slalom na super-G imeachana zaidi, halafu kuna downhill, ambapo wanaume hupita kilomita 130 kwa saa. Hiyo bila theluji ya karibu na mfuko mzito ni ngumu, nakubali. Sabrina Simader, aliyetuwakilisha Pyeongchang 2018, alizaliwa Kilifi lakini akalelewa Austria. Si ajabu.

Boit hakuwa huko. Yeye alikuwa cross-country: kisigino kiko huru, hakuna wa kukuvuta, kilima unakipanda kwa mapafu yako mwenyewe. Na hata humo kuna mitindo miwili. Kwa klasiki, ski zinakaa sambamba kwenye mifereji na unapiga hatua kama mkimbiaji. Kwa skating unasukuma pembeni, kama mtu wa roller. Ina kasi zaidi na ilishika miaka ya 1980.

Nagano 1998, Boit, mkimbiaji wa mita 800 aliyekuwa ameanza kuvaa ski miaka 2 tu kabla, alifanya kilomita 10 za klasiki. Akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, kama dakika 20 nyuma ya Bjørn Dæhlie wa Norway. Na huyo Dæhlie, mshindi wa dhahabu, akamngoja pale mwisho amkumbatie. Anayeijua hiyo kazi hakucheka. Wewe na bando zako za mkopo ndio unacheka.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki: kati ya ski zote, hii ya pumzi ndiyo inafanana na sisi, na ndiyo tunaifanyia mzaha. Wanorway kiangazi hufanya mazoezi kwa ski za magurudumu, juu ya lami. Lami tunayo. (Na mashimo, najua.) Sisemi medali kesho, maana kuteleza ni ufundi pia na wenzetu huanza wakiwa watoto wadogo. Nasema wakubwa wa michezo wapeleke jozi 20 pale Iten waone.

Kama kuna mtu hapa Nairobi ana ski za magurudumu, ingia DM. Nitazijaribu Jumapili asubuhi, kabla matatu hazijaamka.