"Osha Vizuri" Si Maelekezo

Leo sitaandika kuhusu Linux wala kulalamikia bei ya bando. Leo nataka tuongee kuhusu kisanduku kimoja kitupu nilichokikuta ndani ya hifadhidata, ambacho kilinifunza jambo ambalo miaka minne ya kusomea kompyuta haikunifunza. Najua mada yenyewe itawafanya wengine wacheke na wengine wageuze skrini ili jirani asione. Geuza skrini, hakuna neno, lakini soma mpaka mwisho.

Wanaonifahamu wanajua naishi Kitale. Mama mmoja mfanyabiashara wa Bungoma, rafiki ya shangazi yangu, aliniomba nimtengenezee tovuti ya duka lake. Anauza mafuta ya nywele, manukato na nguo za ndani. Kazi ndogo, ya wiki mbili hivi. Nikapanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma mjini. Akanikaribisha chai nyuma ya duka, akanipa daftari la bidhaa niziingize. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na bidhaa 14, zote zimeandikwa "mashine ya kukanda".

Nikauliza, "Mama, za kukanda nini? Mgongo au shingo?"

Akanitazama, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Kijana wangu, wewe ingiza tu. Wanaonunua wanajua."

Hapo nikaelewa, na masikio yakawaka moto. Zilikuwa vibreta, yaani vile vifaa vya faragha vya watu wazima vyenye mota na betri. Nikaendelea kuchapa kichwa kikiwa chini.

Sasa, jedwali langu lilikuwa na visanduku vya jina, bei, rangi, picha na maelekezo ya utunzaji. Mafuta ya nywele yalikuwa na maelekezo. Hata sidiria ilikuwa nayo: osha kwa mkono, usikamue. Zile bidhaa 14 hazikuwa na chochote. Nikafungua boksi moja, nikakuta karatasi ya Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. La pili halikuwa na karatasi kabisa. Nikamuuliza Mama niandike nini. Akasema, "Andika 'osha vizuri', basi." Nikaandika. Nikalipwa, nikarudi Kitale.

Kwa wiki za kwanza ujumbe wa wateja ulikuwa unaingia kwangu, ili nione kama fomu inafanya kazi. Fomu ilifanya kazi vizuri mno. (Mambo madogo nimeyabadilisha ili wenyewe wasijulikane.)

Mteja wa kwanza alisema amekichemsha kifaa dakika kumi, kama chupa ya mtoto, na sasa hakiwaki. Wa pili alikiosha chini ya mfereji, akakichomeka kwenye chaja hapo hapo, kikatoa harufu ya kuungua. Wa tatu hakulalamikia kifaa. Alisema amekuwa akiwashwa wiki kadhaa, amekwenda kliniki, akapewa dawa, akapona, kisha mwasho ukarudi. Kifaa huwa anakisuuza kwa maji, anakirudisha kikiwa kibichi kwenye plastiki iliyokuja nacho, na kukificha chini ya godoro. Juzi ameona madoa meusi. Akamaliza hivi: daktari aliniuliza kama kuna kitu kingine, nikashindwa kumwambia.

Mimi si daktari, na siwezi kusema ni kifaa ndicho kilichomwasha. Nilimjibu arudi kliniki na aseme kila kitu, kwa sababu daktari asiyejua chanzo anaweza kutibu jambo lile lile mara tatu. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Wote watatu walikuwa wamefuata maelekezo yangu. Nilisema osha vizuri. Aliyechemsha aliosha vizuri kuliko wote!

Ninyi waandishi wenzangu wa programu mnaijua dhambi hii. "Osha vizuri" ni ndugu wa "sakinisha inavyotakiwa" na "kwangu inafanya kazi". Ni maelekezo yanayomsaidia tu mtu ambaye tayari anajua.

Na sisi watu wa teknolojia tukivitaja vifaa hivi huwa tunataja udukuzi. Mwaka 2016 wadukuzi walionyesha kwenye mkutano wa DEF CON kwamba kifaa cha We-Vibe, kinachoendeshwa kwa simu, kilikuwa kinatuma data za matumizi kwa mtengenezaji wake, na mwaka 2017 kampuni hiyo ya Kanada ilikubali kulipa mamilioni ya dola kumaliza kesi. Kesi nzuri, nimeisimulia mara nyingi. Lakini mteja wa Bungoma hakudukuliwa na mtu. Alikosa mistari kumi ya maandishi.

Basi nikakaa chini, nikasoma, nikaandika. Kwa ufupi ni haya.

1. Jua kimetengenezwa kwa nini. Silikoni, plastiki ngumu, kioo na chuma cha pua havina vinyweleo, kwa hiyo uchafu hukaa juu na sabuni huutoa. Vile laini sana kama jeli, vya TPE au PVC, vina vitundu vidogo visivyoonekana, na uchafu huingia ndani ambako sabuni haifiki. Kama umenunua cha aina hiyo, kivalishe kondomu kila mara. Kikianza kunata, kupasuka, kubadilika rangi au kutoa harufu, kazi yake imekwisha.

2. Tafuta herufi IPX. Hizi ni za kiwango cha kimataifa cha IEC 60529, kile kile kinachotumika kwenye simu. IPX4 maana yake kifaa kinavumilia kurushiwa maji tu, si kuzamishwa. IPX7 kinavumilia kina cha mita 1 kwa dakika 30. Bila alama yoyote, chukulia kwamba maji yataingia: tumia kitambaa safi chenye maji na sabuni, halafu kingine chenye maji matupu. Na hata IPX7 hupimwa kwa maji ya kawaida, si ya moto. Kitu chenye mota na betri hakichemshwi. Cha silikoni tupu kisicho na mota ndicho kinachoweza kuchemshwa.

3. Osha kabla na baada ya kutumia. Kama kinatumia betri za kuchomoa, zichomoe kwanza. Maji vuguvugu, sabuni laini isiyo na manukato, mikono iliyonawa. Pitisha vidole kwenye kila mkunjo na pale vipande vinapoungana, kwa sababu hapo ndipo uchafu hujificha. Suuza mpaka utelezi wa sabuni uishe, maana mabaki ya sabuni nayo huwasha. Usitumie sabuni ya unga wala dawa ya choo.

4. Kausha, na kausha kweli. Kitale iko juu, mita 1,900 hivi, na mvua ikianza hata soksi hukaa siku mbili. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kiache juu ya taulo safi mpaka kikauke chenyewe. Najua kamba ya nguo ya ploti haifai kwa kazi hii, na jua kali nalo huharibu. Kona safi ya chumba chako inatosha.

5. Chaji kikiwa kikavu kabisa. Kama tundu la chaja lina kifuniko cha mpira, hakikisha hakuna tone ndani. Kama ni vile vipini vya sumaku, vifute. Usichaji chini ya mto wala usiku kucha. Ukikiweka muda mrefu, cha betri ya lithiamu kiache na chaji ya nusu hivi, na cha betri za kawaida zitoe, kwa sababu huvuja.

6. Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa cha pamba, kila kifaa na mfuko wake, maana plastiki laini zikigusana huharibiana. Fundi cherehani atakushonea kwa bei ndogo. Mwambie ni mfuko wa miwani. Ufue mfuko huo kama unavyofua nguo.

7. Kilainishi kiwe cha maji. Kilainishi cha silikoni huweza kuharibu kifaa cha silikoni. Vaselini, mafuta ya kupikia na Arimis tuliyozoea kupaka chuchu za ng'ombe na mikono yetu hudhoofisha kondomu za mpira na ni kazi kuyatoa.

8. Usiazimane. Kama mnatumia wawili, badilisha kondomu na kuosha katikati. Kilichotumika nyuma kisiende mbele kabla ya kuoshwa.

Mnaoishi ploti mtaniuliza, nioshee wapi na bafu ni la nyumba nane? Beseni dogo la kazi hiyo peke yake, maji kutoka kwenye birika yaliyopozwa, ndani ya chumba chako, mlango umefungwa. Maji yenyewe ukayamwage bafuni kama maji mengine yoyote.

Kwa nini nimesisitiza kutoazimana na kondomu? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani uliohusisha wanawake 12. Baadhi ya vibreta vya waliokuwa na kirusi cha HPV vilikutwa bado na alama za kirusi hicho saa 24 baada ya kusafishwa. Watu 12 ni wachache, na kukuta DNA ya kirusi si kuthibitisha kwamba kitaambukiza mtu mwingine. Lakini HPV ndiyo inayosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na ndiyo maana Kenya ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Kwa hiyo kuosha kunapunguza hatari tu. Mwenye kukuuzia angepaswa kukueleza hivyo.

Na mbona haelezi? Mama wa Bungoma si mtu mbaya. Anaogopa. Kifungu cha 181 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza biashara ya vitu vya aibu au vinavyoelekea kupotosha maadili. Hakitaji vifaa hivi kwa jina, basi kila mtu anajikinga kwa kunyamaza. Ndiyo maana boksi linaitwa mashine ya kukanda. Na ukishaita kitu jina lisilo lake, huwezi kukiandikia maelekezo yake. Utamwambiaje mtu aoshe mashine ya mgongo kabla na baada?

Wenzetu walishaacha kunyamaza. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa mwaka 2021 kiwango ISO 3533 kwa vifaa hivi, kuhusu usalama wa muundo na malighafi na maelezo ambayo mnunuzi lazima apewe. Msukumo ulitoka Sweden, kwa daktari wa upasuaji aliyechoka kuwatibu watu walioumizwa na vifaa vibovu. Kenya ni mwanachama wa ISO kupitia KEBS. Si lazima tugundue gurudumu upya, tukitaka kiwango kipo.

Najua jibu la baadhi yenu: huku ni kuhamasisha uchafu. Mimi sijamwambia mtu anunue. Ambaye hapendi, asinunue, na dini yake au mila yake ikimkataza, namheshimu. Lakini vimeshanunuliwa. Viko chini ya magodoro ya Kitale na Bungoma leo hii, na ukungu haumuulizi mtu dhehebu lake. Choo hatukisifu popote, lakini tunaweka maji na sabuni mlangoni.

Kwa hiyo msimamo wangu ndio huu. Anayeuza kifaa kinachoingia mwilini bila kusema kimetengenezwa kwa nini, kinavumilia maji kiasi gani na kinaoshwaje, ameuza nusu ya bidhaa. Na sisi tunaotengeneza tovuti za maduka tuna sehemu yetu ya lawama. Mimi niliruhusu kisanduku kile kiwe kitupu, halafu nikakijaza maneno matupu, ambayo ni mabaya zaidi kwa sababu yanafanana na jibu.

Nilirudi Bungoma. Nimebadilisha jedwali: bidhaa isiyo na maelekezo ya utunzaji haiwezi kuhifadhiwa, mfumo unaikataa. Mama alipojaribu kuingiza mzigo mpya akanipigia simu kwa ukali. "Kijana, mashine yako imekataa mashine zangu!" Nikamsomea ujumbe wa yule mteja wa tatu, bila jina. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kuandika kote kule kunaweza kutoshea kwenye kadi ndogo, ya kuweka ndani ya boksi, isiyo na jina la kitu wala la duka.

Kunatoshea. Kadi inaitwa "Utunzaji wa kifaa chako", ina mistari kumi, kwa Kiswahili. Mstari wa mwisho niliuongeza mimi: ukiona mwasho, harufu au maumivu, acha kutumia, nenda hospitali, na umwambie daktari ukweli.

Ah, na la kumi na moja lililokosa nafasi: kikiharibika usikitupe kwenye shimo la kuchomea taka. Betri ya lithiamu ikiungua hulipuka, na hapo siri yako yote itajulikana kwa majirani.

Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye Linux.