Mjasiriamali na Karani

Kila anayepita rond-point Tshukudu hapa Goma anaiona sanamu ya mtu na chukudu yake. Aliyechonga chukudu ya kwanza hakungoja muhuri wa ofisi: aliona viazi na makala vinatakiwa kufika sokoni, akatafuta mbao, akaunda. Ndiyo maana tunapenda kusema kwamba sisi ni watu wa kujitafutia, na kwamba ofisi ndiyo inayotukwamisha. Hata mimi nimelisema sana. Leo naona ni nusu ya ukweli.

Tuchukue M-Pesa. Mwaka 2005, nchini Kenya, ilianza kujaribiwa kama njia ya kulipa mikopo midogo. Wateja wakaigeuza, wakatumiana pesa wao kwa wao. Kampuni inayoongozwa na kanuni peke yake ingewarudisha kwenye mstari. Waliobuni huduma waliwafuata wateja, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani. Huo ndio moyo wa ujasiriamali: tendo la mteja ni habari, si kosa.

Lakini kila shilingi ya kwenye simu ilipaswa kuwa na shilingi yake katika akaunti ya amana benki. Lazima awepo anayehesabu, anayelinganisha, anayekataa kuweka sahihi hesabu zisipolingana. Bila karani huyo, pesa ya simu ni tarakimu tu kwenye kioo.

Sisi tunalijua hilo kuliko wengi. Benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, watu waliegemea simu kununua unga na kupokea msaada wa ndugu. Uvumbuzi ndio uliotubeba, ila tulichokiamini ni daftari.

Basi ugomvi uko wapi? Uko katika swali linaloulizwa kwanza. Mimi na wenzangu wawili tulipeleka pendekezo kwa kampuni moja inayojiita ya uvumbuzi: kuandika ujumbe wake kwa wateja katika Kiswahili wanachokisema, badala ya Kifaransa. Tuliulizwa barua imesainiwa na nani, nakala ziko ngapi. Hakuna aliyeuliza wazo ni nini. Hatukukataliwa, hatukusomwa.

Haki itendeke, hata hivyo: barua yetu haikuwa na bei wala tarehe ya kumaliza kazi. Tulikuwa na ujasiri, hatukuwa na hesabu. Hata wangetusoma, wangetukabidhi kazi kwa msingi gani?

Kampuni ya uvumbuzi inahitaji tamaduni zote mbili, kila moja kwa zamu yake: wazo lisikilizwe kwanza, kisha lipimwe bila huruma. Penye muhuri kabla ya wazo, wazo hufia mlangoni. Na wazo lisilofika kwa karani hula mali ya watu.

Nasi wa fakulte ya lugha tusijitoe. Tunafundishwa kuchambua shairi kwa makini. Kwa nini tusifundishwe kuandika pendekezo lenye wazo, bei na tarehe? Wakubwa wa kampuni nao wasome ukurasa wa kwanza kabla ya kutafuta sahihi kwenye wa mwisho.