Kilomita za kwenye dashibodi zisikupe presha

Wengi mnanifuata inboksi kuhusu gari ndogo ya kupelekea mizigo, maana bodaboda zinakula faida na oda kubwa haziingii kwenye boksi la pikipiki. Swali la kwanza la kila mtu ni hilo hilo: "Imetembea kilomita ngapi?" Mi naona hilo swali ndo linatupoteza.

Fikiria IST ya mwaka 2004 inayosoma kilomita 78,000. Imetumika Japani, ikaja huku, ikapiga mizunguko ya Dar miaka yote hiyo, alafu bado iko 78,000? Inaweza kuwa kweli, ila mita inarudishwa nyuma kirahisi sana. Mi bora ya 190,000 ambayo mwenyewe ananionyesha risiti za oili, kuliko hiyo ya dalali asiyejua hata ilikuwa inaendeshwa na nani.

Angalia mpira wa pedali ya breki, usukani na siti ya dereva. Vikiwa vimelika mpaka vinang'aa, namba ndogo kwenye mita haina maana. Fungua na mlango wa dereva, chungulia pembeni: gari nyingi za Japani zina stika ya kubadilisha oili yenye kilomita na tarehe. Mwaka mara nyingi ni wa Kijapani. Ukikuta 22, jumlisha na 1988, unapata 2010. Kama stika ya 2010 inasema 110,000 na leo mita inasema 78,000, aga uondoke.

Injini iangalie ikiwa ya baridi. Nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa. Fungua mfuniko wa oili: uji uji mweupe kama maziwa maana yake inawezekana maji yameingia kwenye oili, usiendelee hapo. Mwambie mtu akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Maji ya rediata yakiwa ya kahawia kama chai, ujue walikuwa wanajazia ya bomba. Na IST za kwanza, ya 1.3 na ya 1.5, zinatumia taimingi cheni, kwa hiyo ukiambiwa "mkanda wa taimingi nimebadilisha juzi" unapigwa fiksi.

Washa ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, alafu injini ikiwaka izime. Isipowaka kabisa mwanzoni, pengine wameing'oa. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: bluu ikiwa baridi, nyekundu ikichemka. Bluu ikichukua muda mrefu sana kuzima, muulize fundi kama themostati ipo au ilitolewa.

Sehemu inayoua mtaji ni giaboksi. Weka D, alafu R, mguu kwenye breki. Ikichelewa kushika au ikigonga kwa nguvu, iache. Jaribu kupanda kilima ukiwa na watu ndani, maana wewe utabeba mzigo. Vitz nyingi za 1.3 zilizoanza 2005 zina giaboksi ya CVT, na hiyo inataka oili yake maalumu. Ukimuuliza mwenye gari aliweka oili gani akajibu "ya kawaida tu", mi sichukui hata ikiwa bei ya kutupa. Ukikata usukani mpaka mwisho huku gari inatembea ukasikia tak tak tak, hiyo ni joint ya mguu wa mbele. Inatengenezeka, tumia kushusha bei.

Fundi nenda na wako. Fundi wa dalali analipwa na dalali, hata akiwa mcheshi namna gani.

Kuna kitu hatupendi kusikia. Kama hela ya gari ni mtaji wote wa duka, usinunue sasa hivi. Gari iliyotembea sana itakudai bushi, shokapu, betri na tairi, mara nyingi mwezi ule ule. Dada mmoja anayeuza viatu, tuliiangalia naye Vitz nzuri tu, injini safi. Nikamuuliza ukilipa utabaki na shilingi ngapi? Akanyamaza. Bado anatumia boda, na mzigo wake unaingia kila wiki.

Ukiamua kununua, linganisha namba ya chesesi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye bodi, na uangalie deni la faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.