HAKIMU AKIKUFUNGA BURE, UTAMSHITAKI NANI?

Ndugu msomaji, tuseme hakimu anakutupa gereza la Ruanda, Mbeya, miezi mitano. Duka lako linafungwa, watoto wanafukuzwa ada. Mwaka unaofuata Mahakama Kuu inafuta hukumu. Fidia utaidai kwa nani?

Usidhani natunga. Februari 26, 2018 Mahakama ya Hakimu Mkazi Mbeya iliwafunga Joseph Mbilinyi 'Sugu', wakati huo Mbunge wa Mbeya Mjini, na Emmanuel Masonga, kiongozi wa Chadema Kanda ya Nyasa, miezi mitano kila mmoja. Kosa? Maneno ya jukwaani, eti yalimfedhehesha Rais Magufuli. Walitoka Mei mwaka huo huo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, hapo hapo Mbeya, ikaifuta hukumu. Zile siku za Ruanda nani kazirudisha?

Hakimu hagusiki. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 inamkinga asishitakiwe kwa madai kutokana na alichoamua kazini, hata kama alivuka mamlaka yake, mradi aliamini kwa nia njema kwamba anayo. Mwaka 2020 Bunge likaongeza jingine: ukidai haki zako za msingi kwa alichofanya Jaji Mkuu kazini, humshitaki yeye, unamshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Rais na Spika nao wamo humo humo.

Juzi kwenye basi la Iringa mzee mmoja alinibishia: "Mwanangu, mahakimu wakiburuzwa kortini kila siku, nani atakubali kuhukumu?" Mimi nimeishia kidato cha nne, si mwanasheria, lakini mzee yule ana hoja. Aliyeshindwa kesi ya shamba kule Mufindi angemshitaki hakimu wake kesho yake asubuhi. Na hakimu mwoga ndiye wakubwa wanayemtaka! Kinga ibaki. Ninachokataa ni Serikali kujificha nyuma ya joho la hakimu ili isilipe.

Katiba yenyewe, Ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine. Kisha inabandika mkia: kwa mujibu wa sheria mahsusi iliyotungwa na Bunge. Msomaji, utazame vizuri huo mkia.

Sasa waheshimiwa wabunge wa Mbeya na Iringa, mnaopita vijijini kwetu kuomba kura: muswada wa kuwalipa waliofungwa bure mtaupeleka lini Dodoma?