Kibali cha Nyumba: Mlango wa Haraka ni wa Nani?

Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye baadhi yetu tunasali naye, alitumia kiinua mgongo chake kununua ploti ya hamsini kwa mia. Hakutaka ghorofa. Alitaka nyumba ya mawe ya vyumba vitatu, yenye paa la mabati, apate kuhama nyumba ya kupanga kabla ya mvua za masika. Akamlipa msanifu wa majengo aliyesajiliwa amchoree ramani. Akalipa kodi ya ardhi iliyokuwa imelimbikizwa na mwenye ploti wa kwanza, akafanya upekuzi wa hati, akapeleka kila karatasi katika ofisi ya mipango ya kaunti yake, akalipa ada na kupewa risiti.

Hapo ndipo safari iliposimama. Mara afisa yuko semina, mara kamati haijakutana, mara faili haionekani. Siku moja kijana aliyekuwa ameketi kwenye benchi ya nje, ambaye si mwajiriwa wa ofisi ile lakini anamjua kila aliye ndani kwa jina, alimwambia kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ukingoja hivi utangoja sana. Ukitaka iharakishwe, tuongee."

Mwalimu hakuongea. Alikuja kwetu akauliza swali ambalo tunataka kulijibu hapa mbele ya wasomaji wetu: je, kuna njia ya haraka iliyo halali ya kupata kibali cha kujenga nyumba, au haraka ni mali ya wenye nchi na subira ni fungu la wananchi?

Swali hili si geni kwa wale waliopigania mageuzi. Mwaka wa 1989, wakati wa chama kimoja, wakubwa waliamua kwamba jumba la orofa 60 lijengwe ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi, liwe makao ya chama tawala na gazeti lake. Hatujapata kusikia kwamba faili ya jumba lile ilipotea. Ilihitajika sauti ya Profesa Wangari Maathai, ambaye aliandika barua baada ya barua huku akitukanwa hata ndani ya Bunge, hadi mradi ule ukaachwa. Mwezi wa Mei 1990, katika jiji lilo hilo, vibanda vya maskini wa Muoroto vilibomolewa na askari wa tume iliyokuwa ikiliendesha jiji, na baadhi ya viongozi wa makanisa wakalaani kitendo hicho hadharani. Mkubwa aliomba mahali pasipostahili kujengwa, akafunguliwa mlango. Maskini alijenga pale alipoweza, akaletewa tingatinga. Wengi wetu tuliposema tunataka vyama vingi, tulikuwa na mizani hii akilini, hata kama mabango yetu hayakuitaja.

Leo sheria imebadilika, na ni haki kukiri hivyo. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inamtambulia kila mtu haki ya kupata makao yafaayo. Kifungu cha 47 kinamtaka kila mwenye mamlaka ya utawala atende kazi yake kwa haraka, kwa ufanisi, kwa kufuata sheria na kwa haki. Tazama neno linalotangulia: haraka. Kumbe haraka si fadhila ya afisa, wala si bidhaa ya kijana wa benchi. Ni deni ambalo serikali inadaiwa na kila raia.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 imeenda mbali zaidi na kulipimia deni hilo siku. Inamkataza mtu kujenga bila kibali cha kaunti, na anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi miwili, au yote mawili. Lakini kifungu cha 58 kinaifunga ofisi pia. Mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa. Na akikataliwa, anaweza kukata rufaa katika siku 14 mbele ya kamati ya kaunti inayosikiza malalamiko ya mipango ya ardhi, na kutoka hapo kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Basi mbona mwalimu wetu angali anahangaika? Kwa sababu kimya hakina muhuri. Siku ya 61 ikifika, sheria inasema amekubaliwa, lakini hana karatasi. Akichimba msingi, askari wa kaunti watakuja, wale ambao wengi bado tunawaita kanjo, na wataomba kuona ramani iliyogongwa muhuri. Akiwasomea kifungu cha 58 watamcheka. Kesho yake ukuta utakuwa na alama ya X kwa rangi nyekundu. Benki nayo haikopeshi kwa kimya. Hivyo kijana wa benchi hauzi kibali, maana kibali kimekwisha kutolewa na sheria. Anachouza ni muhuri. Na yeyote anayenunua ajue kwamba Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamtia hatiani mtoaji sawasawa na mpokeaji.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba kila ramani ipitishwe mbiombio. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua watu wapatao 50. Wengi wao walikuwa wapangaji wa chumba kimoja, waliokwisha kulala. Wenye mamlaka walikiri baadaye kwamba jengo lile lilikuwa limeorodheshwa kubomolewa. Waliokufa hawakuuawa na urasimu uliozidi. Waliuawa na ukaguzi ambao haukufanywa, au uliofanywa ukaishia kwenye karatasi. Anayetaka ghorofa saba kando ya mto, atakamokaa mamia ya watu wasiomjua mhandisi wala fundi, hana haki ya kuomba haraka. Udongo upimwe, michoro ya nondo ikaguliwe, na afisa aende mwenyewe kuona msingi kabla zege halijamwagwa. Siku hizo hazipotei bure.

Hoja yetu ni kwamba mizani imegeuzwa juu chini. Nyumba ya chini ya mwalimu, ambayo hatari yake ni ndogo na ambayo atakaa humo yeye na mkewe, husubiri miezi. Ghorofa la mwenye fedha, lenye hatari kwa umma mzima, hupita. Tunataka haraka ipimwe kwa hatari ya jengo, isipimwe kwa uzito wa mfuko. Nyumba ya familia moja isiyo na ghorofa, kwenye ploti iliyopimwa, isiyobadilisha matumizi ya ardhi, ingeweza kupitishwa katika siku chache tu. Kaunti inaweza kuandaa ramani za mfano zilizokwisha kukaguliwa na wahandisi wake, raia akachagua moja na kuijenga kama ilivyo, na kilichobaki kikawa kuthibitisha hati na mipaka. Wazo la kumpunguzia mjenzi mdogo mzigo si geni nchini. Mwaka wa 1995 kanuni za ujenzi zilirekebishwa, ile iliyojulikana kama Kodi ya 95, ili vifaa vya bei nafuu, kama matofali ya udongo uliochanganywa na saruji, vikubaliwe. Sasa kanuni za kitaifa za mwaka wa 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Kanuni mpya tunazo. Ofisi mpya hatujaiona.

Wako ndugu zetu, hata ndani ya harakati, wanaopendekeza kaunti iweke dirisha rasmi la haraka, lenye ada ya juu na risiti, ili fedha za kijana wa benchi ziingie katika hazina ya umma. Tumelipima pendekezo hili na tunalikataa. Afisa akijua kwamba dirisha moja linaleta fedha zaidi, hana sababu ya kuharakisha lile jingine. Litakalotokea ni hongo iliyopewa risiti. Hata Nehemia alipohitaji miti ya kujengea aliomba barua ya mfalme na akapewa. Hatusomi popote kwamba aliulizwa kama anataka ya kawaida au ya haraka.

Tunajua pia kwamba maafisa wa mipango si wengi na mafaili ni mengi, na kwamba wapo miongoni mwao watu waadilifu, baadhi yao washirika wa makanisa yetu, wanaofanya kazi hadi giza linaingia. Hao ndio wa kwanza kunufaika daftari la maombi likiwekwa wazi ukutani. Kila ombi lionyeshe siku lilipopokelewa, aina ya jengo, na siku lilipojibiwa. Afisa mwaminifu haogopi tarehe. Na siku 60 zikipita, kaunti ilazimike kutoa cheti cha kuthibitisha kwamba kibali kimepatikana kwa kupita kwa muda, ili kimya nacho kiwe na muhuri.

Hatutangoja hisani. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inampa ofisa wa umma siku 21 kujibu ombi la raia, na akikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Tunaziomba kamati za haki na amani katika parokia na makanisa yote ziwaulize washirika waliowahi kuomba kibali: ulipeleka lini, ulijibiwa lini, ni nyumba ya namna gani? Hatuhitaji majina. Tunahitaji nakala za risiti zenye tarehe. Tutazipanga kaunti kwa kaunti na kuziweka kando ya majibu ya ofisi zenyewe, kisha tutazichapisha humu.

Siku ya 60 ya mwalimu ilikwisha Jumatatu. Jumanne asubuhi alipeleka barua nakala mbili, akitaja kifungu cha 58 na tarehe ya risiti yake, na kumwomba karani agonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Karani alisita, akaingia ndani kuuliza, akarudi na kugonga. Tunapoandika haya ni siku ya tisa tangu barua ile ipokelewe, na bado hajaitwa. Mawe yamepangwa kando ya ploti, na fundi amechukua kazi nyingine mtaa wa pili hadi aambiwe.