Umeme wa Majengo ya Pembeni Usiwe Mtego

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, umeme umefika katika vijiji vingi vilivyokuwa vikitegemea vibatari. Hayo ni matunda ya sera njema, wala hapana mwananchi atakayeyabeza. Lakini kuufikisha umeme kwenye mita ni sehemu moja tu ya kazi. Sehemu ya pili imo mikononi mwetu wenyewe, nayo ni kuutoa umeme huo katika jengo kubwa na kuupeleka kwenye jengo la pembeni: karakana ya shule, jiko la bweni au banda la gari nyuma ya nyumba ya mtumishi.

Hapo ndipo uzembe unapojipenyeza. Huvutwa nyaya mbili tu, wa moto na wa nyutro, zikafungwa kwenye sanduku la kugawia umeme, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha kwa sababu taa zinawaka. Taa kuwaka si ushahidi wa usalama. Waya wa tatu, ambao mafundi huuita ethi, hauwashi taa yoyote. Kazi yake ni kuokoa roho siku mashine itakapoharibika na umeme kugusa bati lake.

Wako wanaodhani kwamba kupigilia chuma ardhini kando ya karakana kunatosha. Hesabu inawakanusha. Umeme wetu ni wa volti 230. Ikiwa ukinzani wa chuma hicho na udongo wake ni omu 20, umeme utakaopita humo hautafikia hata ampea 12. Swichi ya ampea 32 haitajizima kwa kiasi hicho, na bati la mashine litabaki na umeme, likimngoja mwanafunzi wa kwanza kuligusa. Kwa hiyo, pamoja na chuma na waya wa ethi, sharti pawepo swichi ya kukata umeme unaovuja, yenye kujizima mvujo ufikapo miliampea 30.

Kosa jingine ni kuunganisha nyutro na ethi ndani ya sanduku la jengo la pembeni. Nyutro ikikatika njiani, mabati ya vyombo vyote vilivyofungwa ethi humo yaweza kupata umeme. Aidha, muungano huo huifanya swichi ya mvujo kujizima mara kwa mara, na fundi asiye na subira huiondoa swichi badala ya kuliondoa kosa.

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Mkuu wa shule anayeipokea kazi, na ofisa anayeidhinisha malipo, nao wana dhamana. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji hutoa leseni kwa mafundi umeme. Basi leseni hiyo iulizwe kabla ya kazi kuanza. Ukinzani wa ethi upimwe mbele ya mpokeaji na kuandikwa. Kitufe cha kujaribia swichi ya mvujo kibonyezwe, na swichi isipojizima, malipo yasitolewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta hujengwa upya. Roho ya mtoto haijengwi.